Kiti cha Nzohe

Asubuhi ile haikuisha. Atakayebisha na abishe; kila mtu ana asubuhi zake na zote huisha, hata za misiba. Lakini waliokuwamo ndani ya nyumba ya kikao wanajua kwamba jua lilipofika usawa wa dirisha la mashariki lilitulia papo hapo, likakaa kama mgeni aliyekaribishwa akasahau kwao. Mwanga uliingia kwa mshazari, ukaangukia nyasi zilizotandikwa sakafuni, ukapanda magotini kwa Kagemulo, ukabaki. Vumbi lilielea ndani yake bila kupanda wala kushuka. Kagemulo alilitazama kwa muda, kisha akaacha.

Alikuwa ameketi juu ya Kiti cha Nzohe. Msitegemee kiti cha ajabu. Kilikuwa kigoda cha mti, kifupi kuliko vigoda vingine vyote mle ndani, maana mwenyewe hukaa majini na hapendi kuonekana.

Nzohe, kwa asiyemjua, ni swala wa kinamasi. Ana kwato ndefu zilizotanuka, hutembea nazo juu ya matope asizame, na ana haya nyingi kuliko mnyama yeyote. Akisikia mtu hakimbii. Huingia majini taratibu, bila kishindo, na maji hujifunga juu yake. Watu wengi wa nchi ile walizaliwa, wakaoa, wakazeeka na kufa ukingoni mwa kinamasi bila kumwona hata mara moja. Na bado ungewauliza maji haya ni ya nani, wangekujibu bila kufikiri: ya Nzohe. Wanawake walipokwenda kukata nyasi za kutandika nyumbani, tita la kwanza waliliacha ukingoni, lake. Hakuna aliyewahi kuliona likiliwa. Hakuna pia aliyewahi kulikuta kesho yake.

Ndipo walipokuja Wanyooshaji. Hawakuwa na jina jingine, au walikuwa nalo hawakuona sababu ya kulitaja. Walikuja na vigingi vya chuma na kamba za rangi, na kila walipoona kitu kilichopinda walipata huzuni ya kweli, mtu angewaonea huruma. Mto uliozunguka ukiingia kinamasini waliutazama wakatikisa vichwa. Walitaka kuunyoosha, kuyakausha maji na kujenga mji. Msemaji wao aliitwa Mratibu, bwana mmoja mpole, mwenye sauti ya mtu anayemliwaza mgonjwa. Alivuka matope kila siku kuja kijijini, na viatu vyake vilikuwa vikavu kila siku.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi moja ambayo Wanyooshaji waliikubali haraka mno, na hapo ndipo wenyeji wangepaswa kushtuka. Haliamuliwi jambo la kinamasi mpaka mwenye maji awepo kikaoni. Kwa kuwa yeye haji, hukaliwa kiti na mtu aliyemwona wa mwisho. Huyo huliacha jina lake mlangoni, akikaa anakuwa Nzohe, anasema kama Nzohe. Akiitwa kwa jina lake la kuzaliwa akaitika, basi Nzohe ameondoka, kiti ni kitupu, kikao kimefungwa, na lililoombwa limepita. Akija mtu mwingine aliyemwona mnyama baada yake, huyo atakaa badala yake. Na maadamu kikao kimekaa, jembe haligusi ardhi.

Aliyeona mwanya ndani ya desturi hiyo ni Ta Byabato, mwendesha kikao, mtu mwenye akili nyingi na aliyejua kupita kiasi kwamba anazo.

"Tusiwakatalie," aliwaambia wenzake walipokutana kwanza peke yao. "Mtu ukimkatalia leo, kesho anarudi na neno jingine. Sisi tukae tu. Kikao kisifungwe. Watangoja, watachoka, watakwenda kunyoosha kwingine."

Watu walicheka, wakamgongagonga mabega. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini nani humkumbusha mtu methali siku anaposhangiliwa? Walisahau kuuliza kama Wanyooshaji wanachoka.

"Haya, nani amemwona wa mwisho?" akauliza Ta Byabato.

Kagemulo alitazama vidole vyake vya miguu. Ni kweli alikuwa amemwona, alipokuwa akikata nyasi: masikio mawili katikati ya mafunjo, shingo, na jicho moja lililomtazama bila hofu, kama linavyomtazama mtu jicho la jirani. Hakumwambia yeyote isipokuwa mwanawe, Kokushubila, kwa sababu mambo mengine mtu husema kwa mtoto ili tu yasikike. Na mtoto ni mtoto. Koku alisimama katikati ya wanawake akasema kwa fahari, "Mama yangu alimwona. Aliniambia."

Basi ikawa hivyo. Kagemulo hakumkasirikia. Mlangoni alilitamka jina lake kwa sauti, akaliacha, kisha akamwinamia mwanawe.

"Nenda nyumbani ukaepue ndizi, zisiungue. Nakuja sasa hivi."

Akaingia, akaketi, na mwanga ukapanda magotini pake.

Mratibu alikuwa wa kwanza kupewa nafasi. Alishukuru kwa ukarimu, akatafuna punje moja ya kahawa waliyomkaribisha nayo, akaimeza na maganda yake.

"Ndugu wadau, hatukuja kuchukua kitu. Tumekuja kunyoosha. Maji haya yamekaa tu, hayana tija. Mto unapinda bila sababu za msingi. Mji utakapokamilika, kila mtu ataiona nyumba yake kutoka mbali."

"Na Nzohe?" akauliza Ta Byabato.

"Ametengewa eneo."

"Wapi?"

"Kwenye nembo ya mji. Picha kubwa, ya rangi."

Ta Byabato akageuka kwa heshima kuelekea kigoda kifupi. "Mwenye maji, umesikia. Wasemaje?"

"Mimi Nzohe," akasema Kagemulo, na sauti yake ikamshangaza kwa jinsi ilivyotulia, "nasema bado nafikiri."

Hilo ndilo jibu walilokubaliana. Watu wakatabasamu chini chini. Mratibu naye akatabasamu, akasema hana haraka, akakunja nne. Wakakaa.

Wa kwanza kutoka alikuwa mtu mmoja aliyesema anakwenda kuswaga mbuzi walioingia shambani, anarudi. Alirudi kweli, punde tu, Kagemulo hakuwa hata amebadilisha mkao. Na nywele zake zilikuwa nyeupe. Aliketi mahali pake, akawatazama wenzake mmoja mmoja, akaanza kulia bila sauti. Walimuuliza mbuzi wamefanyaje. Akasema mbuzi gani.

Baada ya hapo wengine walitoka kwa kuogopa kubaki, na wengine walibaki kwa kuogopa kutoka. Waliotoka wengi hawakurudi. Watu walipungua, lakini nyasi walizokalia zilibaki zimelala, bado zina joto. Ni Mratibu peke yake aliyetoka na kuingia atakavyo, na uso wake ukabaki ule ule.

Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia msichana mrefu aliyejifunga khanga kifuani, ameshika kifurushi cha jani la mgomba. Kagemulo alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni, akawaza, huyu amefanana na upande wa kwetu. Ta Byabato alimnong'oneza msichana kitu mlangoni. Msichana akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Akaja, akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Mwenye maji," alisema. "Ndizi ziliungua. Nilikuwa mdogo, sufuria lilikuwa zito. Nimekuletea nyingine."

Kagemulo akaelewa. Aliona kovu la moto mkononi mwa msichana, kovu la zamani, lililokwisha kuwa laini. Mkono wake mwenyewe ulinyanyuka kutaka kulishika, na Ta Byabato akakohoa. Nzohe hawashiki watu. Mkono ukarudi pajani.

Akala ndizi. Zilikuwa tamu, na alizila zote, huku yule msichana amepiga magoti akimtazama anavyotafuna, bila kupepesa. Alipotoka, mlango ulijifunga nyuma yake polepole sana.

Nakuja sasa hivi. Nani alisema? Mimi. Mimi nani? Mwenye maji. Mwenye maji ana mtoto? Anaye, yuko nyumbani, anaepua ndizi. Nyumbani ni wapi? Ng'ambo ya mlango. Ng'ambo ya mlango ni lini?

Alianza kuwaza kwa namna hiyo, vipande vipande. Aliona kwamba swali halikuwa kama kinamasi kitabaki. Swali lilikuwa: mnyama asiyeonekana yupo kwa sababu mtu amemkalia kiti, au mtu amekaa kwa sababu mnyama yupo? Kama ni la kwanza, yeye peke yake, na makalio yake juu ya gogo, ndiye anayezuia maji yote yale yasikauke, pamoja na vyura wake, korongo wake na kambale wake, na wanawake wanaokuja na miundu asubuhi. Kama ni la pili, amepotezea nini maisha ya mwanawe? Alijaribu kulikumbuka lile jicho katikati ya mafunjo. Lilikuja, lakini lilikuja likiwa kimo cha macho yake mwenyewe, na mafunjo yalikuwa pande zote mbili za uso wake, na mbele yake, mbali kidogo, mwanamke aliyeinama akikata nyasi alikuwa akinyanyua kichwa.

Alifumba macho. Alipoyafumbua aliona nyasi za sakafuni zimelowa. Maji yalikuwa yakipanda kutoka chini, kidogo kidogo, ya vuguvugu, yenye harufu ya mizizi. Yalimzunguka yeye tu. Kucha za miguu yake zilikuwa zimerefuka.

"Unaona?" alisema Mratibu kwa upole, akiisogeza nyuma miguu yake mikavu. "Hili si jambo la afya."

Hakungoja jibu. Akatoka, na mara sauti zikaanza kuita dirishani. Kwanza ilikuwa sauti ya dada yake: Kagemulo, njoo mara moja. Kisha ya mwanamume aliyemposa zamani wakaachana kabla ya mahari. Alijibana mapaja na kunyamaza. Kisha ikaja sauti ya marehemu mama yake, na hiyo ilimtoa jasho. Ilikuwa yenyewe hasa, pamoja na mkwaruzo wake wa koo la mtu aliyezoea moshi. Kagemulo, mwanangu. Abee ilimfika ulimini. Kagemulo, sauti ikarudia, Kagemulo ee. Hapo akapoa. Mama yake, alipokuwa hai, hakuwahi kumwita mtu mara mbili. Aliita mara moja, na usipokuja ungejua mwenyewe.

Ta Byabato, upande wa pili wa chumba, alikuwa ameficha uso viganjani.

"Ma Kage—" alianza, akajiuma ulimi. "Mwenye maji. Nilidhani watachoka. Nilidhani ni ujanja."

"Mimi Nzohe," akasema Kagemulo, "nasema bado nafikiri." Na alikuwa na hasira, tena hasira kweli kweli, kwa sababu ndilo neno pekee lililobaki lake la kusema.

Koku alikuja tena akiwa na mtoto mgongoni. Safari hii hakupiga magoti. Alisimama akambembeleza mtoto kwa kuyumba, kama wanavyofanya wanawake wote, na maneno yakamtoka kwa kufuata ule mwendo.

"Huko nje wananiambia wewe ni shujaa. Kila nikipita. Mtoto wa shujaa, mtoto wa shujaa. Maji yapo, korongo wanataga, tunakata nyasi, tunakuachia tita lako. Watu wanashiba kwa ajili yako." Akamkaza mtoto mgongoni. "Mimi sikutaka shujaa. Nilipougua surua nililiwa na homa wiki nzima, nilikuwa nakuita. Jirani alinifunga mdomo kwa khanga, eti sauti isikufikie. Ulijua hilo?"

Nzohe aliyatazama maji miguuni pake.

"Nikikuita sasa, utaitika?"

Mratibu alikuwa amesimama nyuma yake, kichwa amekiinamisha kwa adabu, kama mtu aliyekuja kusindikiza. Mtoto mgongoni aliamka, akamtazama bibi yake, na bibi huyo alikuwa na umri mmoja na mama yake. Kagemulo alihisi machozi yakimtoka puani, kama yanavyomtoka mtu anayejizuia sana. Lakini Koku hakuita. Alivuta khanga juu ya kichwa cha mtoto, akatoka.

Hapo ndipo Kagemulo alipoamua. Aliamua kwa utulivu, kama mtu anayefunga mlango wa ghala. Akija tena akaniita, nitaitika. Maji na yakauke. Korongo wana mabawa, waende. Nilizaa mara moja na nimemwona mwanangu mara mbili, na yote ni asubuhi hii. Nitasema abee, nitanyanyuka, nitamshika ule mkono wenye kovu, na atakayenilaumu aje akae yeye. Akangoja, akijua analolitaka na akijua ni baya.

Mlango ukafunguliwa. Mratibu aliingia kwa hatua ndogo ndogo, ameshikilia kiwiko cha bikizee aliyejikongoja kwa fimbo. Alimtunza vizuri, alimwonyesha palipolowa asiteleze. Bikizee alikuwa na mvi tupu na mgongo umepinda. Kagemulo alitafuta mkono, akaona kovu, limezama sasa ndani ya makunyanzi.

"Huyu hapa," Mratibu akasema. "Mwite mama yako, bibi. Umengoja vya kutosha. Sisi sote tumengoja."

Kagemulo akafungua kinywa. Pumzi yote ilikuwa tayari kifuani.

Koku aliegemea fimbo yake, akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Alimtazama jinsi mtu anavyoitazama picha yake ya zamani, akijaribu kukumbuka aliivaa wapi ile nguo.

"Ta Byabato," akasema, bila kugeuka. "Nimemwona."

"Umemwona nani, mama?"

"Nzohe."

Ta Byabato akanyanyuka nusu. "Lini?"

"Tangu msichana. Kwenye nyasi, kule tunakokata. Mara nyingi sana, na juzi nikamwona tena, ana mtoto wake. Nilinyamaza. Ningesema, mngenikalisha hapo, na mimi nilitaka kuishi." Alivuta pumzi, kifua kilimlia kama mlango mkuukuu. "Nimeishi. Nimezaa, nimezika mume, nimecheka, nimekunywa rubisi nikaanguka mtaroni. Yatosha. Mwenye maji, nyanyuka. Zamu yangu."

"Mchakato hauruhusu," alisema Mratibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikumliwaza mtu.

"Desturi inaruhusu," akasema Ta Byabato. "Ulikubali mwenyewe."

Koku alirudi mlangoni, akalitamka jina lake kwa sauti ndogo, akaliacha. Alipokuwa akirudi Kagemulo alijaribu kunyanyuka. Miguu haikujua. Aliweka kucha zile ndefu kwenye maji, akasukuma, akasimama kwa kujishika ukutani, mwanamke mwenye nguvu zake mwenye magoti ya mtoto aliyezaliwa jana. Kisha akamshika mwanawe kiwiko kumsaidia kukaa. Alikuwa hajamshika tangu asubuhi. Chini ya ngozi ilikuwa mifupa mitupu, mepesi, yenye joto. Alimkalisha taratibu, akamwekea vizuri kitambaa kichwani, na Ta Byabato hakukohoa.

Maji yakahama kutoka miguu ya mama yakaenda kuzunguka miguu ya mtoto.

Kagemulo akageuka kuondoka. Mratibu alikuwa mlangoni, ameushika wazi kwa ajili yake, kama muungwana.

"Mama," alisema kwa upole wake wote wa zamani. "Si vizuri mtu kuondoka bila kumuaga mwanawe. Muage. Mtaje jina, kama watu waungwana. Ni neno moja tu."

Kagemulo akatazama nyuma. Bikizee aliyekaa kigodani alikuwa akimtazama, na macho yake hayakuwa ya bikizee. Yalikuwa macho ya mtoto aliyefungwa mdomo kwa khanga. Midomo yake iliyokunjamana ilikuwa imefunguka kidogo, tayari, na abee ilikuwa imeshakaa pale mbele ya meno yaliyobaki. Alikuwa ameingoja maisha yake yote, na asingeweza kuizuia, hata kwa kinamasi chote na kila kilichomo. Kagemulo aliliona hilo wazi. Mama akiita, mtoto huitika. Hakuna desturi iliyowahi kulishinda jambo hilo.

Akatoka bila kuaga.

Nje jua lilikuwa likitembea. Alilisikia likitembea juu ya ngozi yake. Nyumba yake haikuwapo. Palikuwa na migomba mikubwa ambayo hakuipanda. Watu waliokuwa njiani hakumjua hata mmoja, nao walimpisha tu, kijana wa kike anayelia, wakaendelea na mizigo yao. Alipita katikati yao akafuata harufu ya mizizi mpaka ukingoni. Maji yalikuwapo yote, meusi, yametulia, mafunjo yanacheza, korongo wawili wamesimama mbali kwa mguu mmoja mmoja. Aliingia mpaka kiunoni. Akatazama nyuma kule kwenye nyumba ya kikao, akapima umbali, akaona bado ni karibu, upepo unaweza kupeleka sauti.

Akainama, akatia uso wote majini, na humo ndani akalisema lile jina. Kokushubila. Alilisema mpaka pumzi ikamwisha. Akanyanyua kichwa, akavuta pumzi nyingine, akarudi chini.